Kitabu Kile Kile, Nimekilipia Mara Mbili

Mutheu,

Umeenda kuwaaga marafiki zako na begi lako umeliacha karibu na mlango. Nimesukuma vitambaa upande mmoja wa meza nikapata pahali pa kuandikia. Mambo ya kufua, ya kula kwa wakati, ya kuchunga simu yako, hayo sitaandika. Nimeyasema mpaka siku hizi unanimalizia sentensi. Nataka kukuandikia juu ya kile kitabu cha mchezo. Najua unafikiri maneno yake yaliisha. Kwako yaliisha. Kwangu bado yamenikaa.

Niseme wazi mapema, kwa sababu nikizunguka nitaogopa: namwonea wivu baba yako. Si wivu wa mke kwa mume. Huo uliisha hata kabla hajahamia Silanga, kule Kibera. Kungekuwa na mwanamke mwingine ingekuwa rahisi, ningemchukia yeye tukamaliza, lakini hakukuwa na mwanamke. Wivu wangu ni juu yako. Kesho unapanda basi kwenda chuo cha ualimu, na chuo chenyewe kiko karibu na kwake siku hizi, Bungoma, na yeye ndiye atakayekupokea. Nimefurahi umepata nafasi. Hakuna mteja aliyekuja hapa wiki hii ambaye sijamwambia. Lakini kila nguo yako niliyokunja leo niliona mikono yake ikiikunjua.

Ule mchezo unaujua kuliko mimi. Wacha tu niuseme nilivyouelewa. Baba yako alirudi na vitabu vyake kutoka Lavington, kwa ile familia ya wageni aliyokuwa akiwafulia na kuwapikia. Vijana wa pale walikuwa wamekua, wakamwachia vitabu vinene vyenye picha za mazimwi na ngome, pamoja na mfuko wa dadu zenye pande nyingi kuliko zile tunazozijua. Hakuna ubao, hakuna kete. Mmoja anasimulia, wengine wanakuwa watu wa ndani ya hadithi, na mtu akitaka kufanya jambo gumu, kama kuvuka mto uliofurika, anatupa dadu ili ijulikane kama ameweza. Mimi niliona ni hadithi za jikoni zilizowekewa sheria.

Ulikuwa mdogo sana, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota. Jioni baba yako alikuwa akiondoa vitambaa vyangu kwenye meza hii, anavipanga kitandani vizuri, halafu mnakaa. Mimi nilisogeza cherehani mlangoni kwenye mwanga. Sare za shule zilikuwa zinangoja. Nilisikia lile zimwi lilipokwama kwenye choo cha shimo, na nilicheka kama nyinyi, lakini nilikuwa nimewapa mgongo, kwa hivyo hamkuona.

Siku moja aliniita. "Mama Nekesa, kaa basi. Kuna nafasi ya mtu wa tatu."

"Na hizi sare atamaliza nani? Huyo zimwi wenu?"

Hakuniita tena. Au aliniita na mashine ikameza sauti yake. Mimi nakumbuka mara hiyo moja.

Yeye alikuita Nekesa na mimi nikakuita Mutheu, na wewe ukaitika yote mawili bila shida. Tulipoachana akaenda kupangisha chumba Silanga, akawa analima sukuma wiki kule karibu na bwawa, na wewe ukaanza kwenda kwake kila Jumamosi. Ulikuwa ukirudi na matope kwenye viatu na maneno mapya mdomoni. Nikikuuliza mlifanya nini unasema, "Tulicheza tu." Hiyo "tu" ilikuwa inanifungia mlango.

Ndipo nikamwambia yule kijana anayeuza vitabu vya mitumba kando ya barabara aniangalizie kitabu kama kile. Nilimchorea jalada lake kwenye karatasi ya kukatia mitindo. Aliniletea kitabu cha upishi. Aliniletea kitabu cha watoto chenye joka. Ilipita karibu mwaka ndipo akanipungia mkono kutoka mbali, akiwa amekiinua juu ya kichwa. Kilikuwa chenyewe, kile kikubwa cha sheria zote. Nilikilipia bila kubishana, mimi ninayebishana hata bei ya uzi. Ijumaa hiyo nilikiweka hapa mezani, nikakipangusa, nikangoja urudi shule.

"Wah, mathe. Hii si ndiyo ile ya fathe?"

"Hiki ni chetu," nikakwambia. "Sasa unaweza kuchezea hapa nyumbani."

Ulifurahi kweli, sisemi uongo. Ulikaa nacho mpaka chakula kikapoa. Na Jumamosi asubuhi ukakitia kwenye begi ukaenda nacho Silanga.

Halafu ikaja kura, na baada ya kura yakaja yale tuliyoyaona. Wewe ulikuwepo, lakini kila mtu ana upande wake wa kukumbuka, na huu ni wangu. Matokeo yaliposomwa, kelele zilianza huku kwetu Kawangware, mtaa wa 46, kabla hata redio haijazimwa. Moshi ulikuwa unapanda upande wa Kibera, na baba yako alikuwa huko, na simu yake haishiki. Mama Brayo wa mlango wa tatu alikuwa ametoka kwenda kazini Westlands, barabara zikafungwa nyuma yake. Ni wewe uliyekwenda kuwachukua watoto wake. Ulirudi na Brayo mkono mmoja, na dadake Shiru mkono mwingine, ukafunga mlango na kuuwekea meza. Watu walikuwa wanauliza majina ili wajue kabila. Jina la Shiru halikuwa la kutajwa kwa sauti wiki ile, na hata langu lilianza kuwa gumu.

Tulikaa humu, maduka yamefungwa, unga ukienda ukiisha, koroboi tukiiwasha kidogo kidogo. Brayo alikuwa analia kwa sauti, na sauti ilikuwa hatari. Ulijaribu kumbembeleza. Ulijaribu kumwimbia. Mwishowe ukakifungua kile kitabu chetu sakafuni, ukaniangalia.

"Mathe, simulia wewe. Mimi nicheze na wao."

"Sijui sheria."

"Simulia tu. Polepole."

Kiingereza changu ni cha darasa la nane, na cha darasa la nane la zamani. Nilisoma mistari miwili nikaona siwezi. Basi nikaanza kuangalia picha. Nikawaambia kuna wasafiri watatu wanaopeleka chumvi kwenye mji uliozingirwa, na njia inapita kwenye vilima vya kwetu Machakos, nikavitaja vilima kimoja kimoja kwa sababu hivyo nilivijua. Nilisimulia kwa kunong'ona na nyinyi mkajibu kwa kunong'ona. Brayo alitaka kuwa mtu mwenye nguvu kuliko wote. Shiru alitaka kuwa mbuzi, na kwenye kitabu hakuna mbuzi.

"Haiko kwa kitabu, mathe," ukasema.

"Leo iko."

Walipofika kwenye nyumba ya mwanamke mmoja wa kilimani, Brayo akauliza kama kuna chakula. Nikawaandalia. Chapati, kuku, mikate inayotoka moshi, chai ya maziwa matupu. Niliwapakulia kila kitu ambacho hatukuwa nacho. Ukanikumbusha kwamba kwa sheria lazima watupe dadu kujua kama wamekaribishwa.

"Chakula hakitupiwi dadu," nikakwambia, na ukacheka mpaka ukajiziba mdomo kwa leso yangu.

Mutheu, nitakwambia jambo ambalo si zuri. Nje watu walikuwa wanaumizwa, na mimi nilikuwa na furaha. Niliogopa, na katikati ya hofu hiyo kulikuwa na furaha, kwa sababu ulikuwa umeketi mbele yangu unangoja neno langu.

Wakaja wale waliokuwa wanauliza majina, wakagonga. Unakumbuka walivyogonga, si kwa mkono. Shiru aliingia chini ya kitanda bila kuambiwa.

"Hapa ni kwa nani?"

Wewe ndiye uliyesimama. Ulisema ni kwa Nekesa, ukalitaja jina la baba yako na la babu yako, na ukaendelea kwa Kibukusu cha kwao, kwa sauti ya msichana aliyesumbuliwa akipika. Mmoja wao akakujibu kwa lugha hiyo hiyo. Mkaongea kama watu wa kijiji kimoja. Wakaenda mlango mwingine.

Nilishukuru Mungu. Ninamshukuru mpaka leo. Lakini usiku ule, mkiwa mmelala, niliwaza kwamba hata siku hiyo aliyetuokoa ni baba yako, na hakuwepo. Lugha ile alikufundisha Jumamosi, mkipalilia sukuma. Mimi nilikuwa nimeudhika kwa ajili ya Jumamosi hizo.

Simu yake ilikuja baadaye, tukiwa katikati ya mchezo. Wasafiri walikuwa wamefika mtoni. Kadi za simu zilikuwa hazipatikani, kwa hivyo aliazima simu ya mtu. Alikuwa hai. Moto ulikuwa umepita kwenye safu ya nyumba zao Silanga na hakuna kilichobaki, hata vitabu vyake, lakini yeye alikuwa hai, amelala kwenye uwanja wa kanisa pamoja na wengine, akingoja basi la kwenda Bungoma. Nililia. Nilikupa simu nikiwa nalia. Ukaenda nayo pembeni karibu na jiko, na humu ndani pembeni si mbali.

"Fathe, tumekuwa tukicheza," ukamwambia. "Eeh, mathe ndiye anasimulia. Hajui sheria, lakini anajaribu."

Hukusema vibaya. Ulisema kwa mapenzi, nilisikia. Lakini neno hilo, anajaribu, lilinikaa kama sindano iliyosahaulika kwenye pindo. Ulirudi ukaketi, Brayo akauliza tunavuka mto au hatuvuki, nami nikasema tumechoka, tutaendelea kesho. Kesho yake mama yao akafika, kwa miguu, amevimba nyayo, na wasafiri wetu wakabaki kwenye ukingo wa mto.

Sasa ndipo tunafika kwenye ile soft copy.

Mambo yalipotulia baba yako hakurudi Nairobi. Akapata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi huko kwao, na karibu na duka kuna cyber ya kutumia intaneti. Mkaanza kucheza kwa kuandikiana. Anakutumia kipande cha hadithi, unajibu utafanya nini, anakutumia kingine. Kitabu chake kimeungua, kwa hivyo akamwomba mtu mwenye kadi ya benki amnunulie kile cha kwenye kompyuta. Ukaja kwangu ukasema na wewe unakihitaji.

"Kitabu hicho tunacho," nikasema.

"Ya kwake imerekebishwa, mathe. Akiniambia niangalie ukurasa fulani, kwa yetu nakuta kitu ingine."

"Maneno yamebadilika?"

"Kidogo. Si sana."

"Basi hesabu kurasa."

Uliondoka, na siku hizo zote ulikuwa ukinijibu kwa heshima, na heshima yako hiyo iliniuma kuliko ungenifokea. Ulifikiri ninakataa kwa sababu ya pesa. Jambo usilolijua ni kwamba nilikwenda cyber mwenyewe. Nilikifunga kitabu kwa leso nikakibeba mpaka kwa Kevo, yule mwenye cyber unayokwenda, nikakiweka mbele yake.

"Nionyeshe hicho mtoto wangu anachotaka."

Akabonyeza bonyeza, jalada likatokea. Joka lile lile, ngome ile ile, hata lile wingu la upande wa kushoto.

"Ni hiki," nikasema.

"Ndiyo, mum, ni hiki."

"Ninacho. Hiki hapa. Kishike."

Alikishika, maskini, akakipima uzito. "Hii ni ya karatasi. Ile ni soft copy. Ni kama umenunua kitu mbili."

"Maneno ni yale yale?"

"Almost."

"Na wenyewe hawawezi kuniuliza kama nilishanunua?"

"Wao hawajui kama unayo, mum. Na hata wakijua, hii ulinunua kwa mtu wa mitumba. Wao hawakuona hata ndururu."

Nilikifunga tena kwa leso. Nilikuwa nimekuja kushinda na nikashindwa na mtoto mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma. Njiani nilikuwa nawaza kwamba mtu akinunua suti, akinenepa, mimi sinyooshi mkono nimlipishe suti nzima upya. Ninaachia mshono. Lakini wenye vitabu si mafundi wa cherehani.

Jioni hiyo baba yako akanipigia. Ulikuwa umeenda kuchota maji.

"Mama Nekesa, nasikia kuna shida ya kitabu. Usijisumbue. Mimi nitamlipia."

"Hakuna shida."

"Aliniambia umekataa. Naelewa, hali ni ngumu. Wacha nilipe mimi."

"Nani amekwambia hali ni ngumu? Nitalipa mimi."

"Kwani tunashindana?" akauliza, na hakuuliza kwa ubaya.

"Unashindana na nani?" nikamjibu, nikakata simu.

Kesho yake cyber ilipofunguliwa nilikuwa mlangoni. Nililipa ili yeye asilipe, Mutheu. Ukweli ndio huo. Mara ya kwanza nilinunua kitabu ili ukae nyumbani, na ukakibeba ukaenda nacho kwake. Mara ya pili nikanunua kitabu kile kile ili asiwe yeye aliyekununulia, na nilipokulipia nilikuwa nimekupa njia ya kukaa naye kila Jumamosi bila hata kutoka Kawangware. Kevo alikitia kwenye CD kwa sababu nilimwambia siwezi kutoa pesa nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Ulinikumbatia. Ulinikumbatia sana, na ukaniita mathe wangu wa nguvu. Halafu ukasema, "Sasa hii ya karatasi tunaweza kuuza."

Ulishangaa nilivyobadilika. Nilikwambia usikiguse, nikakwambia huna shukrani, nikasema maneno mengine ambayo hayakuwa na uhusiano na kitabu. Uliomba msamaha bila kujua unaomba msamaha wa nini. Basi leo ujue. Kitabu hicho kina mafuta ya taa kwenye kurasa za katikati, pale koroboi ilipopinduka walipogonga mlango. Pale penye picha ya ghala kuna alama ya dole la Brayo, ya uji. Hicho cha kwenye kompyuta kimerekebishwa. Hakina mbuzi wala vilima vyangu, na wewe hujaketi ndani yake ukiningoja.

Jana ulikishika ukaniuliza ukibebe au ukiache. Nikasema kiache, nikasema ni kizito kwa safari. Si kwa sababu ya uzito. Ninataka kubaki na kitu ambacho yeye hana.

Sijui nikushauri nini juu ya haya. Wivu huu nimekaa nao miaka mingi na haujanifundisha vizuri, ila jambo moja naliona sasa. Kila mara nilipouona ukija, nilinunua kitu au nilinyamaza. Sikuwahi kuketi. Kiti kilikuwepo pale mezani, kwenye meza yangu mwenyewe, na baba yako aliniambia nikae. Wewe pia uliniambia nisimulie, na nikasimulia, na kwa kusikia neno moja tu nikafunga kitabu. Siku utakapompenda mtu na ukaona anacheka na mwingine upande ule wa chumba, hata kama mwingine huyo ni mtoto wako, vuta kiti ukae. Kazi iliyoko mkononi itangoja. Sare zile nilizimaliza, watoto waliozivaa wamekuwa watu wazima, na hakuna hata mmoja anayejua zilishonwa na nani.

Na baba yako, usimtendee vibaya kwa sababu ya barua hii. Alikuwa msimulizi mzuri. Hakuwahi kukuambia neno baya juu yangu, najua, kwa sababu ningelisikia likirudi kwenye mdomo wako. Hilo nalo namwonea wivu, kwa sababu mimi nimesema mabaya machache juu yake.

Sasa nasikia sauti yako huko nje kwenye ploti, unamuaga Mama Brayo, kwa hivyo nifupishe. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi, usiifungue hapa mbele yangu, isome ukiwa kwenye basi. Kesho ukifika atakuwa amesimama stendi, atakuwa amefika mapema kupita kiasi kama kawaida yake, na atalichukua begi lako kabla hujashuka vizuri. Msalimie. Mkumbatie, ni baba yako. Halafu kabla hajaanza kukuuliza habari za safari, toa simu unipigie mimi, na uongee nami polepole, yeye akiwa amesimama hapo na begi mkononi, asubiri.

Mama yako